Sebule Isiyo na Makochi

Huku kwetu Majengo, makochi yakitolewa nje watu hawaulizi. Wanakuja. Mwanamke anafunga khanga kiunoni, anabeba kuni chache na unga kwenye kisado, anashika njia huku akiiandaa sauti yake kwa kilio. Ndivyo tulivyokuta. Mtu akifariki viti vyote vinatoka, magodoro na mikeka vinatandikwa ukuta kwa ukuta, na wafiwa wanakaa chini mpaka matanga yaishe. Hata mtoto asiyejua a wala be anajua maana ya makochi nje.

Na mimi nilijua. Wanaosema nilisahau kwa sababu ya kuiga mambo ya watu, wanikome. Sikusahau. Ila siku zile nilikuwa na mume hospitalini, mbali, kule Mbeya, na kichwa changu hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Alikuwa na uvimbe kwenye uti wa mgongo. Madaktari walikuwa wamefanya walichoweza, sasa walitaka tumchukue akapumzike nyumbani. Daktari aliniambia kwa upole kwamba hataweza tena kukaa kwenye kiti. Ni kulazwa, au kuegemezwa kwenye mito. Lile neno la kupumzika nililimeza bila kulitafuna. Nikamwacha shemeji yangu hospitalini na mgonjwa, nikatangulia kurudi kwetu Mpanda kuandaa nyumba.

Mume wangu alikuwa mtu wa wageni. Alikuwa dereva, na nyumba yetu haikupitisha Jumapili bila mtu kuvua kofia mlangoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ndiyo iliyokuwa salamu yake, akiitoa kwa sauti kubwa kama anayeita kuku. Alichokiogopa kuliko hata maumivu ni kuwa mgonjwa wa chumbani. Mnajua mambo yenyewe: wageni wanaingia wawili wawili, wanasimama juu ya kitanda, wanakuinamia, wanasema pole, halafu wanarudi sebuleni kula na kunong'ona juu yako. Aliniambia kwenye simu, "Mama watoto, usinifiche chumbani. Niweke na watu."

Nikawaza nitamwekaje na watu mtu asiyeweza kukaa kitini. Ndipo nikalikumbuka hema.

Tulikutana kwenye kambi ya watalii ndani ya hifadhi, yeye akiendesha gari la wageni, mimi nikihudumia chai na chakula. Kambi ile imefungwa zamani. Mwenyewe alikuwa mama wa Kizungu aliyewahi kuishi Moroko, na hema la kupumzikia wageni alilipamba kwa mtindo wa huko. Hapakuwa na kiti hata kimoja. Magodoro mafupi yalizunguka pande tatu, yamevikwa vitambaa vizito vya rangi ya bizari na damu ya mzee, mito imerundikwa, na katikati sinia kubwa la shaba juu ya miguu mifupi ya mbao. Taa zilikuwa za bati lenye matundu, zikiwashwa zinamwaga vinyota kwenye turubai. Chai yao ni ya majani ya kijani, mnanaa na sukari isiyo na aibu, na nilifundishwa kuimimina kutoka juu, birika usawa wa bega, glasi chini kabisa, ili itoe povu. Mume wangu, wakati huo bado si mume, alionja akasema inafanana na dawa ya minyoo ya ndama. Kisha akaomba nyingine.

Kilichonikaa mimi ni kwamba ndani ya hema lile watu wote walikuwa na kimo kimoja. Tajiri, mtoto, bibi mwenye fimbo, wote chini, wote wameegemea. Hakuna aliyemtazama mwenzake kwa juu.

Moroko kwenyewe tuliahidiana kwamba tutakwenda. Hatukwenda. Baada ya ndoa alinipeleka Ikola, kando ya Tanganyika, tukala samaki wa migebuka mpaka tukawakinai, tukakaa kwenye mchanga unaonuka dagaa tukilitazama ziwa, naye akanyoosha mkono akasema, "Ng'ambo ile ni Kongo. Ukishapita Kongo unanyoosha tu." Nilicheka sana. Siku hizi maneno hayo yakinijia inabidi niache ninachofanya.

Basi nikaanza kazi. Seremala alinitengenezea vitanda vifupi vya mninga, visivyofika hata goti. Fundi bati wa sokoni, yule anayetengeneza majiko ya mkaa, nilimwonyesha picha kwenye simu. Akachukua debe la mafuta ya kula akalitoboa kwa msumari, nyota huku na nyota kule, akaniuliza kama nina hakika kwamba natumia akili zangu. Mapazia mazito ya mitumba niliyakata nikashona foronya. Ukuta nikaupaka bluu, na najua haikuwa bluu ile ya Moroko. Mnanaa niliupanda kwenye ndoo iliyopasuka. Siku ya kupanga vitu ndani, nikawaita vijana wa jirani wakayatoa makochi barazani.

Nilikuwa juu ya ngazi na brashi mkononi, nikimalizia ukuta, niliposikia kilio getini. Walikuwa wanawake wa jumuiya yetu, khanga viunoni, mmoja na ndoo, wawili na kuni kichwani.

"Nani kafa?" nikauliza.

Wa mbele akanyamaza ghafla, akanitazama mimi na rangi yangu. "Si... makochi?"

"Makochi yamefanyaje?"

"Yako nje, dada. Na mzee yuko Mbeya. Tukaona basi tena."

Niliwafokea. Niliwafokea vibaya, halafu kicheko kikanishika, nao wakacheka, tukacheka wote mpaka machozi yakatutoka, na yangu yakaendelea baada ya wenzangu kunyamaza. Jioni nilimsimulia mgonjwa kwenye simu. Alicheka mpaka akapaliwa. "Kuni wameziacha?" akauliza. Nikamwambia wameziacha. "Safi sana. Usiwarudishie."

Ila habari ilikuwa imeshapanda bodaboda. Mmoja wao, kabla hajafika kwangu, alikuwa amepiga simu kijijini kwa mama mkwe.

Wakwe zangu ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao mume wangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, lakini tangu nimeolewa sijawahi kumwamkia mama yule nikiwa nimesimama. Alipoingia kesho yake asubuhi, nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi la geti nikamwambia mwanao yu hai, mama, yu hai, amekunywa uji leo. Kisha akaniinua, akasogea mlangoni, akachungulia ndani. Akayaona magodoro ukuta kwa ukuta. Akarudi nyuma.

"Rudisha viti," akasema.

Nilimweleza yote: hema, mgongo wa mwanawe, wageni. Nikamwambia Moroko ndivyo wanavyokaa, hata kwenye harusi.

"Na huko Moroko wakifiwa wanakaaje?"

Nikaanza kujifuta vumbi la magotini.

"Lisemwalo lipo," akasema, "kama halipo linakuja. Watu wameshalia hapa. Unamchuria mwanangu."

Damu ilinipanda. Nikamkumbusha kwamba hata yeye nyumbani kwake hukaa chini kutwa nzima, miguu imenyooshwa, akibangua karanga. Akanitazama kama mtu anayemfundisha mtoto mkaidi kuhesabu. "Kukaa chini uani ni kukaa. Kukaa chini sebuleni, viti vimetolewa, ni matanga. Mwanangu hajafa, sitakaa matanga yake."

Makochi sikuyarudisha. Naye hakuondoka.

Mume wangu aliletwa baada ya siku chache, amekonda, suruali imefungwa kamba. Vijana walimbeba wakamwegemeza kwenye kona niliyomwandalia, mto nyuma ya kiuno, mto chini ya kila mkono. Alizungusha macho taratibu. Aliiona taa ya debe, akaona sinia, akasema, "Tumeshavuka Kongo." Kisha akafumba macho, nikadhani ni maumivu, kumbe alikuwa anafurahi.

Wageni wakaja. Madereva wenzake wa zamani walivua viatu mlangoni kwa aibu ya soksi zao, wakashuka chini wakigunaguna, magoti yakilia, na mume wangu akawatania kwamba sasa wamejua nani mgonjwa. Katekista alikaa vizuri kabisa, kumnyanyua ndiko kulikohitaji watu wawili. Niliwamiminia chai kutoka juu. Walikunywa, wakatazamana, mmoja akaniuliza kwa adabu kama kuna ya kawaida yenye tangawizi. Nilimwambia hakuna. Yalikuwa majuma mazuri, na nayasema hivyo nikijua maumivu aliyokuwa nayo usiku. Mchana alikuwa mwenyeji. Mtu akisimulia jambo, alimtazama usoni bila kuinua shingo.

Mtu mmoja tu hakuingia.

Mama mkwe alilala chumba cha nyuma, na kutwa alishinda barazani kwenye kigoda. Uji wa mwanawe aliupika yeye, hakumwachia mtu. Aliuleta mpaka kizingitini, akasimama, akaninyooshea bakuli mimi. Salamu zao walipeana hivyo hivyo, yeye kwenye fremu ya mlango, mwanawe kwenye mito, katikati yao upana wa zulia. "Mayu, ingia basi," mwanawe alimwomba, maana ndivyo wanavyomwita mama kwao. "Niko sawa hapa," alijibu. Kila siku. Na kila siku nilimwona mume wangu akiendelea kuutazama mlango baada ya mama yake kuondoka, na nilichukia. Nalitamka wazi, nilimchukia yule mama. Nilijua kinachokuja, sikutaka kukisema, lakini niliona wazi kwamba mume wangu atakwenda kabla mama yake hajamshika hata mkono.

Siku moja nikamfuata jikoni. Sikupiga magoti.

"Mama, unamwadhibu nani? Kama ni mimi, nimekosa, niadhibu mimi. Yeye ana kosa gani?"

Alikuwa anakoroga uji, hakuacha. "Nyie mnakaa mle mnakunywa majani yenu," akasema, "mnaona ni nyumba nzuri. Sawa, ni nzuri. Lakini mimi nikikaa mle nimekubali. Na mimi sijakubali." Akauonja uji, akaongeza sukari. "Nilizika watoto njiani tukihama na ng'ombe. Kila mmoja nilimkalia chini. Huyu namsimamia."

Nikaenda kuchuma mnanaa usiohitajika.

Baada ya hapo sauti ya mume wangu ikaanza kupungua. Wageni nao wakapungua, kwa sababu ilibidi wasogee sana kumsikia na wengine waliogopa kusogea. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyarudia maneno yake kwa sauti kubwa, na mara nyingine niliyafupisha.

Alasiri ile tulikuwa watatu tu nyumbani. Nilikuwa nimetoka jikoni na birika la chai, kwa mazoea, maana yeye alikuwa hanywi tena ila kulowesha midomo. Mama mkwe alisimama kizingitini na bakuli lake. Mume wangu alisema kitu akimtazama.

"Unasemaje, baba?" mama akauliza.

Akasema tena.

"Sijakusikia."

Nikafungua mdomo nimrudie maneno, lakini alikuwa amesema kwa Kisukuma, na chinichini mno, nami sikuwa nimeelewa. Akajaribu mara nyingine. Midomo ilicheza tu.

Mama mkwe aliliweka bakuli chini, nje ya mlango. Akavua ndala, moja, halafu nyingine. Akafungua kitenge alichokuwa amejitanda mabegani, akakifunga kiunoni kwa fundo la nyuma, kama wanawake wanavyofunga wakienda msibani. Akavuka zulia. Alikaa polepole, mkono ukutani, akanyoosha miguu, akakichukua kichwa cha mwanawe kwenye mito yangu akakilaza kwenye mapaja yake. Akainamisha sikio mpaka mdomoni kwake.

Alisikiliza. Akaitikia kwa lugha yao, ndiyo, ndiyo, akimpapasa kichwa pale nywele zilipokuwa zimeisha. Mume wangu alifumba macho na uso wake wote ukalegea. Sikuwa nimeuona umelegea hivyo tangu alipoanza kuugua. Hiki ndicho nilichokuwa nikikiomba wiki zote zile, na sasa kilipokuja kilinitia hofu ambayo sijawahi kuipata.

Baadaye mama mkwe akainua macho akaniona. Akaligusagusa godoro pembeni yake.

"Na wewe mwanangu," akasema, bila hasira yoyote, "njoo ukae."

Nikamjibu nakwenda jikoni, maji yanachemka. Chai nilikuwa nayo mkononi, imejaa, na yeye aliiona. Nikatoka nikasimama uani na birika langu, nikasimama mpaka miguu ikaniuma, kwa sababu sasa wa kumsimamia nilikuwa nimebaki mimi peke yangu.