Mkono wa Mama Waya

Mtaani wanamwita Mama Waya, na jina hilo lilianza kama utani. Kila anaporudi kazini ana kipande cha kebo mfukoni na kingine kwenye mkoba, na siku moja, akiwa kwenye foleni ya benki, alivuta leso apanguse jasho akajikuta anajifuta uso kwa fundo la nyaya. Watu walicheka, naye akacheka, na jina likaganda.

Kazi yake ni kuutunza mtandao wa hospitali: kompyuta za mapokezi zizungumze na za maabara, za maabara zizungumze na za chumba cha dawa, daktari aone majibu ya damu bila mtu kukimbia na karatasi kwenye korido. Mwaka ule hospitali ilikuwa inajenga wodi mpya ya watoto, na Mama Waya aliitamani wodi ile kama seremala anavyoutamani ubao ambao haujaguswa na msumeno. Alitaka kuulaza waya wake wa kwanza kwa mkono wake. Lakini mkuu wa utawala alimwambia kwa upole kwamba kazi ya namna ile hupewa mwenye cheti cha juu cha mtandao. Kama hatakuwa nacho wodi ikishaezekwa, wataletwa wataalamu kutoka nje, na yeye atawasaidia.

"Kuwasaidia maana yake kuwashikia ngazi," aliwaambia watu wa nyumbani kwake. "Na ngazi nimeshika vya kutosha."

Mtihani wa cheti kile una sehemu mbili. Ya maandishi aliipita. Ya vitendo, inayochukua kutwa nzima mbele ya kompyuta, ilimwangusha. Asubuhi unajenga mtandao kuanzia chini. Mchana unapewa mtandao uliojengwa na mwingine, umeharibiwa makusudi, nawe uutibu. Kujenga alijenga. Kutibu ndiko kulikomshinda, na hakujua kwa nini.

Akapiga moyo konde arudie. Alitafuta ruta na swichi kuukuu, mashine za kuunganisha kompyuta zilizokwisha kustaafu maofisini, akazipanga sebuleni chini ya televisheni, moja juu ya nyingine kama sahani, na mtandao wa nyumbani akaupitisha humo. Feni za mashine zilinguruma hata taarifa ya habari ikawa inatazamwa kwa kusoma midomo ya mtangazaji. Akaahidi: mtihani ukiisha, afaulu asifaulu, mashine zinaondoka.

"Hii si nyumba tena, ni kiwanda," alisema mama mkwe wake, ambaye aliishi nao. "Kimebaki king'ora cha kutuita kula."

Lakini msimu wa baridi ulipoingia, mama mkwe aligundua kwamba mashine ya juu ina joto la kupendeza. Akaanza kuweka juu yake bakuli la unga wa mkate, amelifunika kwa kitambaa, na unga ukaumuka kuliko ulivyowahi kuumuka. Tangu hapo kila akipita aliipapasa ile mashine mgongoni, kama ng'ombe wa maziwa.

Mumewe alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele. Mambo ya ruta hakuyajua, ila kuharibu aliweza, na hapo ndipo alipopata nafasi yake katika masomo ya mkewe. Jioni mkewe akienda kuoga, yeye aliingia sebuleni kwa kunyata, akachomoa waya mmoja, au akauhamishia tundu lingine, au akaulegeza kidogo tu, uonekane umekaa kumbe haukukaa. Mke akitoka bafuni huketi mezani, mgongo kwa mashine, na kwa kibodi peke yake anautafuta ugonjwa. Akiupata, mume anapika. Akishindwa, anapika yeye.

"Leo utanikoma," mume husema.

"Menya vitunguu kabisa, usije ukachelewa."

Jioni moja mume aliletewa koti na mteja mwenye haraka, na mchezo ukamtoka kichwani. Mama Waya akachungulia chumba cha mbele, kichwa kimefungwa taulo.

"Tayari?"

"Mm," alijibu mume, mdomo umejaa pini, akidhani anaulizwa habari za koti.

Mama Waya akaketi. Akaita ruta ya kwanza, ikaitika. Ya pili ikaitika. Swichi zote zikaitika, kama watoto wa shule kwenye kuitwa majina. Leo kaficha kweli, alijisemea. Kati ya maagizo yaliyoandikwa ndani ya ruta akaona moja alilolitilia shaka, akalifuta. Akaona jingine limekaa upande, akalinyoosha. Kufika saa ya chakula nusu ya mashine zilikuwa hazisemezani na nusu ya pili, na mume alipotokea mlangoni alimkuta mkewe amejishika kichwa.

"Haya, nimeshindwa. Umechomoa nini?"

"Mimi? Humu sijaingia leo."

Feni ziliendelea kunguruma.

"Ndiyo hayo," alisema mama mkwe kutoka kwenye kochi. "Umetafuta chawa kwenye kichwa kisafi. Chawa hukumwona, na nywele umezimaliza."

Mume alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama Waya hakucheka. Alikuwa ameiona sura ya kuanguka kwake. Mchana ule wa mtihani aliona kitu kilichomshangaza kwenye ruta moja, akakinyoosha kabla ya kuuliza kama kinauma, na tangu hapo akashinda akitibu majeraha aliyoyatia mwenyewe.

"Mkono wangu unawasha," alisema taratibu. "Nikishika kibodi tu, unawasha."

Mume akaacha kucheka. "Mimi mtu akileta koti akasema linabana, siligusi na mkasi. Namwambia livae nikuone, tembea, nyoosha mikono."

"Na wewe hukuwahi kukosea?"

"Yale makoti yangu mawili yenye mikono mifupi unadhani nilijishonea kwa kupenda? Ni ya wateja. Niliyafumua kabla sijawatazama."

Hapo Mama Waya naye akacheka, machozi yakamtoka.

Toka siku ile mchezo ulibadilika. Jioni nyingine mume aliharibu, jioni nyingine aliingia sebuleni, akajikohoza na kukwaruza viti, akatoka bila kugusa kitu. Mke alitakiwa kupima kwanza, na kama hakuna ugonjwa, atamke: "Leo mzima." Maneno mawili tu, lakini yalimtoa jasho kuliko kutafuta. Mara ya kwanza kuyasema na kupatia, mume alipika huku ananung'unika kwamba amejichimbia shimo.

Asubuhi ya mtihani mama mkwe alimsindikiza hadi mlangoni.

"Nenda, mwanangu. Ukiwashwa, jikune goti."

Mchana, skrini ilimletea shauri la kwanza: ofisi ya tatu haipati barua pepe. Akafungua ruta, na pale pale akaona agizo la ajabu, limepinda, ambalo yeye asingeliandika hata usingizini. Mkono ukawasha. Akajikuna goti.

"Vaa nikuone," alinong'ona, na msimamizi akainua shingo kumtazama.

Akapima njia hatua kwa hatua. Ofisi ya kwanza ikaitika, ya pili ikaitika, ya tatu kimya. Basi ugonjwa uko kati ya ya pili na ya tatu. Akaukuta: tarakimu moja ya anwani imekosewa. Akairekebisha, ofisi ya tatu ikaitika. Lile agizo la ajabu aliliacha lilivyo, na kadiri alivyoendelea akatambua kwamba ndilo lililobeba ofisi zote, kama nguzo iliyopinda inayoshikilia paa.

Majibu yangekuja kesho yake kwa barua pepe. Siku ya majibu alitoka kazini simu imezima, akakimbilia kompyuta ya nyumbani. Ikamwambia hakuna mtandao.

"Chukua simu yangu," alisema mume.

"Nisome majibu ya mtihani wa mtandao, na nyumbani kwangu hakuna mtandao? Aibu hiyo siibebi."

Vidole vilikwisha kufika kwenye kibodi. Akavirudisha mapajani, akatulia, akasikiliza. Sebule ilikuwa kimya. Feni hazingurumi.

"Nimezizima mimi," alisema mama mkwe. "Zimesoma na wewe miezi yote hii. Mtihani umekwisha, nikaona zipumzike."

Waya wa umeme ukarudishwa. Mashine zile za zamani huamka kama wazee, kiungo kimoja kimoja. Taa zikawaka za njano, zikazima, zikawaka tena. Wote watatu waliketi kuzitazama, na Mama Waya, ambaye zamani angekwisha kubonyeza kila kitu, hakubonyeza hata kimoja. Taa zikageuka kijani. Barua ikaingia.

"Inasemaje?" mume aliuliza, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mama Waya aliisoma mara mbili. Akaigeuza skrini. Neno lilikuwa moja, na lilitosha: amefaulu.

Mume alimnyanyua juu, vitambaa vya wateja alivyovibeba begani vikaanguka. "Ngazi sasa watakushikia wao!" alipiga kelele.

Aliposhushwa chini, akatazama rundo la mashine. "Ahadi ni ahadi. Kesho naziondoa."

"Ziende wapi?" mama mkwe alikuja juu. "Wewe umepata cheti chako. Mimi na mkate wangu tumepata nini?"

Akaenda jikoni, akarudi na bakuli lililofunikwa kitambaa. Akaweka kiganja juu ya mashine ya juu na kukiacha hapo, akingoja joto lirudi.