Sauti Waliyoikata Embu

Miaka ile bado nina meno yote, nilikuwa na punda huko Kiambere. Hakusikia fimbo wala matusi. Siku moja alisimama katikati ya barabara na mitungi ya maji, mimi karibu nilie, ndipo msichana akaita mbuzi wake kutoka ng'ambo ya korongo, na punda akaondoka kuifuata ile sauti. Nikamfuata punda, nikamwoa msichana. Lakini si habari ya punda nataka kusema.

Sauti hiyo ndiyo ilianzisha vigelegele kwa kila harusi, Siakago mpaka Gachoka. Kisha shingo ikaota uvimbe wa goita, ukaanza kumziba pumzi, tukaenda hospitali Embu, wakasema watampasua. Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini niliuliza, "Daktari, na sauti?"

"Mzee, hii ni kazi ya kila wiki."

Kila wiki! Hata mbuzi anachinjwa kila wiki.

Baada ya kupasuliwa, muuguzi akamwambia mke wangu, kama anayemwita nyanya yake, "Shosho, sema kitu tusikie." Mkwe wetu alikuwa amesimama hapo kando ya kitanda, na kwetu mwanamke hapayuki mbele ya mume wa binti yake. Akanong'ona.

"Shosho anamwonea mkwe haya!" muuguzi akacheka, akaenda zake. Tukacheka sote.

Mkwe alirudi kwake. Mnong'ono ukabaki. Hata uji ukawa unampalia.

Siku ya kliniki daktari akajichora shingoni kwa kidole. Kwamba kuna mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Kwa watu wengi unashuka kifuani halafu unapanda tena hadi kooni. Wa mke wangu, upande wa kulia, haukushuka. Ulikata kona juu kwa juu.

"Ni wachache sana wako hivyo, mzee. Tuliutafuta mahali pake, hatukuuona."

"Mliutafuta mahali pa watu wengine."

"Niliona kauzi kembamba, nikadhani ni mshipa wa damu."

"Ukakata ukidhani! Si ungeacha kisu mpaka uupate?"

"Mama aliumbwa tofauti."

Sasa makosa ni ya Mungu! Nikainuka. Mke wangu akanivuta koti, akanong'ona, "Baba, nyamaza." Aliyenyamazishwa ndiye ananinyamazisha mimi.

"Mrudi mwezi ujao tuangalie," daktari akasema.

"Mtaangalia nini, na kuangalia ndiko kulikowashinda?"

Nikamshika mke wangu mkono, nikatoka daktari akiwa bado anaeleza. Sikurudi tena.