Mkono wa Kushoto Ukutani

Juzi niliona popo wakitoka kwenye paa la ghala bovu hapa Idsowe ninakoishi sasa, na harufu yao ikanirudisha kwenye pango la utoto wangu.

Tulikuwa tumetoka nyumbani alfajiri kwenda kula Idd kwa bibi. Mchana, tukiwa njiani, baba alituingiza kwenye pango kubwa lenye vyumba vingi, maji yakidondoka gizani, kisha akazima mwenge.

"Mwanangu, tangulia," aliniambia. "Mkono wa kushoto ukutani, usiutoe. Wadogo zako washike leso yako."

"Na jini akinishika, baba?"

"Mwambie asubiri, una kazi."

Tulicheka. Mama hakucheka. Alimziba mdomo kitinda mimba wetu kwa kiganja, akahesabu polepole, akamwachia, akarudia. Nilidhani ni mchezo wa sikukuu, nikanuna walipotutembeza mara ya tatu hadi chumba cha ndani kabisa.

Baadaye, watekaji wa watumwa walipofika kijijini kwetu, baba na mama walibaki nyuma kuwazuia, nami nikakimbia na wadogo zangu hadi lile pango; hatukuwaona tena. Mlangoni mwa pango nilizima mwenge mwenyewe. Nikaweka mkono wa kushoto ukutani, wa kulia nikamziba mdomo kitinda mimba wetu, nikaanza kuhesabu.