Bata Mzinga Aliyejibu Adhana

Nilirudi kwenye mlango wa banda mara tatu jioni ile. Mara ya kwanza nilitingisha komeo, likakaa imara. Mara ya pili nilitoka chumbani kwangu nikiwa nimeshavua viatu, nikalitingisha tena, likakaa. Mara ya tatu nikajiuliza kama huenda limekaa kwa nje tu, na ule mwisho wake haujaingia kwenye tundu. Nikafungua ili nihakikishe kwamba nimefunga. Nikachungulia, nikaridhika, simu ikaita, nikaondoka nikizungumza.

Asubuhi ya Jumatatu banda lilikuwa wazi na bata mzinga hayupo.

Nilikuwa na miezi mitano kazini, na majaribio yalikuwa ya miezi sita. Shamba liko Al Khawaneej, pembezoni mwa Dubai, mahali penye mitende na kuta ndefu, na kila baada ya dakika chache ndege inapita juu ikielekea uwanjani. Nilisomea ufugaji Morogoro. Kabla ya kazi hii nilikaa miezi minne Al Nahda, watu wanane chumba kimoja, nikituma maombi kwa simu nikiwa nimelala kitanda cha juu. Siku ya usaili mwenye shamba, ambaye sote tunamwita sir, aliniuliza kama nawajua bata mzinga. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimewasoma sura moja, na sehemu ya magonjwa niliiruka.

Shamba lilikuwa na mbuzi, kuku, ngamia wawili na bata mzinga mmoja tu, dume. Jike wake alikufa wakati wa baridi. Dume huyo alikuwa wa mama yake sir, ambaye sote tulimwita madam mkubwa. Alimtotolesha kwa kuku, akamlea kwa kumlisha tende na mkate mkononi. Wiki ile madam mkubwa alikuwa hospitali, amefanyiwa upasuaji wa goti, na Ijumaa angeletwa shambani kupumzika.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi lori la maji huingia. Likishatoka, saa moja, ndipo bata mzinga huachwa atembee uani. Kumwachia ni kazi yangu. Kufungua na kufunga geti ni kazi ya mlinzi, Mganda mmoja mtu mzima, mrefu, ambaye mimi nilimwita Afande na yeye aliniita Msomi. Nyayo za ndege zilikuwa zimechorwa vizuri mchangani: kutoka uani, kupita getini, kando ya matairi ya lori, mpaka nje.

Sir alifika, akaziangalia nyayo, akamwangalia Afande.

"Geti ni la nani?"

"Ni langu, sir."

"Mama anafika Ijumaa baada ya sala. Ndege awe hapa. Asipokuwepo, khalas, basi, utarudi kwenu."

Habari za banda hakuuliza. Labda hakujua saa za kumwachia ndege, au aliona geti linatosha. Nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka kwake. Nilipanga sentensi ya kukiri kwa Kiingereza, kisha nikaona kwa Kiarabu ingekuwa na heshima zaidi, kisha nikawa sina uhakika wa neno la komeo. Nilipomaliza kupanga, gari lilikuwa limeshaondoka na vumbi limetulia.

Afande akavuta kofia yake chini. "Twende, Msomi. Wewe ndiye mwenye cheti cha ndege."

Jumanne tulitafuta kutwa nzima, tukapata manyoya mawili na kinyesi. Usiku sikulala. Nilijiambia kwamba tukimpata, hakutakuwa na haja ya kusema lolote. Tena nikajiambia kwamba tusipompata, nitasema. Nikaona jinsi nilivyojipangia: ukweli wangu nilikuwa nimeufunga kwenye mguu wa ndege.

Jumatano alfajiri nilikuwa macho adhana ilipoanza. Muadhini alipoinua sauti ya kwanza, kutoka mbali, ng'ambo ya ukuta wa nyuma, kikajibu kitu: gulugulugulu. Akainua ya pili. Gulugulugulu.

Nilikimbia mpaka kwenye kibanda cha geti. Afande alikuwa ameshatoka nje, anacheka peke yake.

"Umesikia? Mimi Mkristo, lakini miaka sita hii adhana ndiyo saa yangu. Na huyo bwana, kila siku anaijibu kutoka bandani. Nilijua tu kama yuko hai atajibu."

Baadaye nilisoma kwamba madume wa bata mzinga hufanya hivyo majira haya, mwezi wa tatu, wanapotafuta majike: sauti yoyote kubwa ya ghafla huwafanya wapige kelele. Wawindaji wa Marekani huiga sauti ya bundi ili kujua dume amelala mti gani. Sisi hatukuhitaji bundi. Sauti ilitoka shamba la jirani ambalo halilimwi tena, kwenye mkunazi mkubwa. Mlinzi wa kule alituruhusu kuingia.

Siku ile ile nilianza kujifunza kuwinda. Niliangalia video za wanaume waliovaa nguo za rangi ya majani, wameegemea miti, wakinong'ona. Nikaandika kanuni kumi na moja kwenye daftari: fika kabla ya mwanga, egemea mti mpana kuliko mabega yako, usimwendee ndege bali mwite, na kadhalika. Nikamsomea Afande zote.

"Kwetu tulikuwa tunashika kanga," akasema. "Kanuni ilikuwa moja. Nyamaza."

Hatukutaka kumuumiza, kwa hiyo silaha yetu ilikuwa wavu wa kivuli, ule unaofunika bustani ya mboga. Tuliutundika juu, kati ya mitende miwili, ukiwa umekunjwa, ukashikiliwa na kamba moja ndefu ambayo mwisho wake ulikuwa mkononi mwa Afande. Chini yake tukamwaga mahindi, na katikati tukaweka gunia la kahawia lililojazwa makuti makavu, nililolifunga shingo kwa kamba ili lifanane na jike. Lilifanana na gunia.

Jioni ile nilipiga sauti ya jike kutoka kwenye simu. Dume akajibu. Nikapiga tena. Akajibu, akatokea mbali kati ya mitende, mkia umefunguka kama kipepeo cha mkaa. Nikapiga tena, na tena. Akasimama. Alijitutumua pale, akazunguka, akajitutumua tena, wala hakusogea hata hatua. Kila aliponyamaza niliogopa kwamba amesahau, nikamkumbusha. Mwishowe alikunja mkia akaenda zake.

"Umemwita kama mtu anayedai chenji," Afande akasema. "Hata mimi, mwanamke akiniita mara ishirini, si nitakaa tu nimngoje aje?"

Bila kusoma popote, alikuwa amesema kitu kile kile nilichokuja kukipata usiku kwenye simu. Kwa kawaida yao, jike ndiye humfuata dume. Akiitwa mno, dume huamini jike yuko njiani, naye husubiri. Mwindaji anayeanza hukosa hapo: hawezi kuvumilia kimya. Ita kidogo, kisha nyamaza, udadisi umlete. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nilihisi imeandikwa na mtu anayenifahamu.

Alhamisi niliiacha simu. Nilitengeneza kifaa changu: kipande cha kioo chenye uso wa kukwaruza, nilichokibandika juu ya kopo la krimu, na kijiti cha mishikaki cha kukisugua. Baada ya kujaribu sana kilitoa mlio mkavu, wa kukatikakatika, ambao uliwafanya kuku wetu wainue vichwa. Tuliingia shambani gizani, tukakaa chini, migongo kwenye mtende, mabega yakigusana. Adhana ikaanza. Gulugulugulu. Kukapambazuka, tukasikia mabawa mazito yakishuka kutoka mkunazini.

Nikasugua mara tatu. Nikaweka kopo chini.

Kimya.

Mtu ambaye kichwa chake hakinyamazi hapaswi kuwekwa mahali kama pale. Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi. Inzi alitembea juu ya mdomo wangu, na sikuruhusiwa kumfukuza. Nilisikia Afande akipumua. Aliwahi kuniambia kwamba binti yake anasomea uuguzi Mbarara na bado mwaka mmoja amalize. Nikaanza kufikiria kama mwaka mmoja ni mihula miwili au mitatu. Nikaona mkono wake ulioshika kamba, makovu mawili kwenye vidole, ameamka kabla yangu, na hanidai neno lolote.

Dume akatokea. Hakulia safari hii. Alikuja akitembea taratibu, kichwa cheupe na buluu, ngozi nyekundu ikining'inia shingoni, manyoya yakipata mwanga wa kwanza na kuwa ya shaba. Alilitazama gunia. Akapiga hatua. Zilibaki kama kumi kufika kwenye mahindi. Tisa. Nilijua kwamba akiingia chini ya wavu, sitasema kamwe. Nilijijua.

"Ni mimi niliyeacha banda wazi," nikasema.

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini ilitosha. Shingo ikasimama wima, kikatoka kilio kifupi kikali, na ndege akaruka kwa kishindo juu ya ukuta uliobomoka. Vumbi likabaki likielea. Kamba ilikuwa bado mkononi mwa Afande.

Nilingoja anitukane. Alinyoosha miguu kwanza, mmoja mmoja.

"Msomi," akasema, "siku nne zote, umeona huu ndio wakati?"

"Samahani, Afande."

"Kutoka kibandani kwangu ule mlango unaonekana. Nilikuona unakwenda, unarudi. Unakwenda, unarudi. Nikasema, huyu anasali pale?"

"Ulijua? Kwa nini hukumwambia sir?"

"Nikimwambia, anatutoa wawili. Ndege alipita getini mimi ninasaini karatasi za dereva. Kosa langu lipo, kosa lako lipo. Lako nilikuwa nangoja ulilete mwenyewe." Akasimama, akakung'uta suruali. "Lakini si mbele ya ndege, bwana! Yalla, twende. Imebaki kesho."

Jioni ile hatukwenda. Afande alisema ndege aachwe atulie, arudi kulala mahali pake. Mimi nilishinda naangalia juu ya ukuta. Kama angehama mti, au mbweha angempata, basi.

Ijumaa, kabla hatujakaa, Afande alitoa tende moja mfukoni.

"Weka mdomoni. Usitafune, usimeze, mpaka niachie kamba."

"Ikiyeyuka?"

"Ikiyeyuka, kokwa inabaki. Nyamaza."

Adhana ilianza. Nilingoja jibu. Muadhini akafika katikati, na kule mkunazini hakukusikika kitu. Nilimwangalia Afande, naye hakuniangalia. Maneno yakaja mdomoni, yakakuta tende. Muadhini alikuwa anakaribia kumaliza ndipo ikasikika, fupi, ya uvivu, lakini mahali pale pale. Gulugulu.

Safari hii nilisugua mara mbili tu. Kisha nikakaa na tende yangu. Iliyeyuka taratibu, utamu ukashuka kooni, nami nikaanza kuifuata kwa ulimi, upande huu, upande ule, na kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, sikufikiria kitu kingine chochote. Jua lilifika kwenye magoti yetu. Kokwa ilikuwa imebaki tupu nilipomwona dume amesimama upande wa kulia, karibu kabisa, mahali ambapo sikuwa ninamtazamia. Alikuwa akinitazama mimi. Sikupepesa. Aliinamisha kichwa, akaokota punje moja ya mahindi. Akaingia. Akaokota ya pili.

Afande aliachia kamba.

Sikukumbuka kanuni hata moja. Nilijitupa juu ya wavu nikamkumbatia, mabawa yakinipiga masikioni, makucha yakipasua mkono wa shati langu. Afande alimfunika kichwa kwa kofia yake ya ulinzi, na mara akatulia, kama taa iliyozimwa.

"Tafuna sasa," Afande akasema.

Madam mkubwa aliletwa baada ya sala, ndani ya kiti cha magurudumu. Bata mzinga alimwendea mwenyewe, akala mkate kutoka mkononi mwake, na mama yule akamsemesha maneno marefu ya kumlaumu. Sir alisimama nyuma yao akitabasamu. Akamgeukia Afande, akamwambia amefanya vizuri, mambo yamekwisha.

Yalikuwa yamekwisha kweli. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mfukoni nilikuwa na kokwa ya tende, nikaibana kati ya vidole. Afande alikuwa anatazama geti.

"Sir," nikasema. Sikuwa nimepanga lugha, ikatoka Kiingereza. "Mlango wa banda niliuacha wazi mimi. Jumapili. Afande hakukosa peke yake."

Alinitazama kwa muda mrefu. Safari hii sikukijaza kile kimya.

"Kwa nini uliuacha wazi?"

"Nilikuwa nahakikisha kama umefungwa."

Madam mkubwa aliuliza nimesema nini, sir akamtafsiria, na mama akacheka mpaka akashika goti lake. Sir hakucheka. Jumamosi nilisaini barua ya onyo, na majaribio yangu yakaongezwa miezi mitatu. Afande alibaki getini kwake.

Bado nakwenda kwenye mlango ule kila jioni. Natingisha komeo mara moja, nikisikia kutoka kibandani mtu anakohoa kwa makusudi, kisha naondoka. Usiku nawaza kama ingefaa nirudi mara ya pili. Nakaa na wazo hilo hilo mpaka alfajiri, muadhini anapoinua sauti, nami nalala nimetulia tuli, nikisubiri kusikia jibu litatoka upande gani, bandani au ng'ambo ya ukuta.