Miezi Nane ya Kubeba Maneno Kati ya Meza Mbili

Wakati wa vita nilikuwa karani katika ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, hapa Uvira. Tulikuwa wanne katika chumba kimoja: shefu, yaani mkuu wa ofisi, mama mpiga mashini ya kuandikia, mzee mtunza vitabu, na mimi, binti niliyetoka shule juzi. Mshahara ulikuwa umeacha kufika, lakini tulikuja kila siku, kwa sababu ukikaa nyumbani majirani wanauliza kama umefukuzwa.

Niliajiriwa kuandika majina katika vitabu vikubwa. Kazi niliyoifanya hasa ilikuwa kubeba maneno, maana shefu na mama mpiga mashini walikuwa hawasemezani. Meza zao zilikaribiana kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwingine anafuta karatasi zake. Hata hivyo kila neno lilipitia kwangu.

Ugomvi wao ulianzia dirishani. Mama alitaka liwe wazi kwa sababu ya joto. Shefu alitaka lifungwe, kwa kuwa upepo wa ziwa uliwahi kumbebea cheti cha ndoa mpaka barabarani, na mbuzi akakila. Siku moja, mbele ya wachumba waliokuja kuandikishwa, mama akasema, "Shefu iko anaogopa upepo kupita masasi ya bunduki." Bwana harusi akacheka. Shefu hakucheka, na tangu siku hiyo ikapita miezi nane bila wao kusemezana.

"Ambia madamu nahitaji ile barua," shefu ananiambia, huku akimtazama mama.

"Ambia shefu barua iko mbele yake tangu asubuhi," mama anajibu, huku akimtazama shefu.

Nami namgeukia shefu. "Barua iko mbele yako."

"Asante."

"Anasema asante," namwambia mama.

"Hiyo asante ni yako ao ni yangu?"

Basi narudi kuuliza.

Mzee mtunza vitabu hakujihusisha. Alikuwa Mwislamu wa zile familia za wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, kofia yake nyeupe daima, na alikaa nyuma ya kabati la vitabu kama mtu mwenye nyumba yake. Kila saa sita mchana harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga ilitoka huko. Tukimuuliza, anasema ni vitabu vya zamani, karatasi ya Wabelgiji hunuka hivyo.

Asubuhi moja, yapata saa nne, milio ya bunduki ikaanza upande wa Kalundu, kule bandarini, na kutukaribia haraka. Tukaingia chini ya meza ya shefu, iliyokuwa ya mbao nzito. Mzee akaja akitambaa, amejifunika kichwa kwa kitabu kikubwa. Shefu akasoma jalada: kilikuwa kitabu cha vifo.

"Mzee, tafadhali, uchague kingine."

Mzee akakitazama, akatambaa kurudi kabatini, risasi zikilia, akaja na kitabu cha vizazi. Sote tukapumua vizuri zaidi.

Tulilala tumebanana, mimi kando ya mzee, shefu na mama uso kwa uso.

"Ambia shefu iko ananikanyaga mukono," mama akasema.

"Ambia madamu minye sikanyage mukono ya mutu. Hii ni muguu ya meza."

"Ambia shefu muguu ya meza haivae soksi."

Kitu kikapasuka juu ya bati, vumbi likatuangukia, nami nikaanza kulia. "Leo sibebi neno la mtu," nikasema. "Kama ni kufa, nife nikiwa nimepumzika. Semezaneni wenyewe."

Shefu akakohoa.

"Madamu."

"Shefu."

"Unisamehe kwa mukono."

"Ondosha kwanza muguu, nitakusamehe kisha."

Akaondoa. Baadaye mama akasema watoto wake wawili walikuwa shuleni. Shefu akamuuliza wako darasa la ngapi. Miaka yote ya kukaa naye ofisini hakujua kama ana watoto. Kisha yeye naye akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba mke wake alikuwa Kalundu, na alikuwa mjamzito.

"Mimba ya ngapi?" mama akauliza.

"Ya kwanza." Shefu alikuwa na mvi kichwa kizima.

"Na ukatunyamazia?"

"Ningeambia nani? Huyu karani angekuletea weye mara moja."

Mama akamshika mkono, hakuuachia mpaka milio ilipopungua.

Saa sita ikapita. Mzee akakohoa kwa aibu, akatambaa nyuma ya kabati, akarudi na sufuria ya ndagala, bukari, ule ugali wetu, uliokwisha poa, na pilipili.

"Vitabu vya zamani," mama akasema.

Tukavila vyote palepale chini ya meza, mikono minne katika sufuria moja.

Mji ulipotulia tukatoka sote wanne. Shuleni tuliwakuta watoto wa mama wameketi na mwalimu wao, wazima, wakilalamika njaa. Tukaenda nao mpaka Kalundu. Mke wa shefu alikuwa mlangoni akichambua maharage, akamkaripia mumewe kwa kuja na wageni saba bila kusema. Wageni tulikuwa watano, lakini hakuna aliyebisha.

Tangu hapo tukawa tunakula pamoja mchana, kila mmoja na alichokipata. Lakini shefu alikuwa shefu. Wiki ya tatu akabandika tangazo ukutani: kula pamoja ni lazima, saa sita kamili, na atakayekosa aeleze sababu kwa maandishi. Siku hiyo mzee akaandika kwamba jino linamuuma. Mama akaandika kwamba amefunga. Mimi nikaandika tumbo. Shefu akakaa peke yake mbele ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, akaitazama robo saa nzima, kisha akainuka na kulibandua tangazo.

"Mukuje basi," akasema. "Iko inapoa."

Tukaja.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Shefu alipanga foleni kama raia wengine kuja kumwandikisha, na mama akapiga cheti kwenye mashini. Muhuri hatukuwa nao, kwani wenye bunduki wapya walioushika mji waliuchukua ule wa kwanza na hawakuwa wameleta wa kwao. Ikabidi tutie sahihi sisi watatu kama mashahidi, na kila mmoja aandike uhusiano wake na mtoto. Mzee akaandika babu. Mama akaandika shangazi. Mimi nikaandika dada mkubwa. Shefu akakisoma cheti mara mbili, akasema sheria hairuhusu mambo hayo, kisha akatia sahihi yake chini ya zetu.