Vyungu Viwili vya Pombe ya Ulezi

Nilifika kijijini pale na furushi la mitumba, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akauza alichonacho. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na tangu hapo nilikaa popote palipokuwa na jambo la kutazama. Pale lilikuwepo: mji wa Sumbawanga ulitaka kukimeza kijiji.

Wapimaji walipita mashambani wakichomeka vigingi. Kukicha, vigingi vimeng'olewa. Vijana wenye vibanda vya biashara walitaka mji uje, na umeme wake. Wazee walijua shamba likishaitwa kiwanja halirudi. Kibanda kimoja kilipigwa mawe. Kanisani pande mbili zilikaa mbalimbali, na shikamoo zikaanza kukosa marahaba. Siku redio ilipotangaza kwamba nchi ndogo ya mbali imechukuliwa na jirani yake mwenye nguvu, watu kilabuni waliweka vikombe chini kana kwamba wametajwa wao.

Nilikuwa nalala jikoni kwa mama mmoja mjane. Yeye hakuwa na upande. Alichotaka ni matuta. Wafipa hufukia nyasi zikiwa bado mbichi, mvua zikielekea ukingoni, katika matuta ya mviringo. Zikioza humo, msimu unaofuata udongo ule hupandwa ulezi. Asipofukia sasa, mwakani hana ulezi. Peke yake asingeweza, kwa hiyo akapika pombe na kuwaita majirani, kama ilivyo desturi: mnalima, kisha mnazunguka chungu kimoja.

Kwa kuogopa ugomvi, akaweka vyungu viwili, cha wazee na cha vijana, kila kimoja na pembe yake ya shamba. Hata mimi niliona ni busara.

Walikuja wote, majembe mabegani. Kijana mmoja akauliza, "Mama, sisi wa mjini chungu chetu kipi? Kile chenye umeme?"

Wenzake wakacheka. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu mume wa mama, alivitazama vyungu.

"Shamba hili nimelilima na mumeo," alisema. "Leo unanionyesha chungu changu?"

Mama akaeleza kwamba pombe ni ileile, imetoka pipa moja. Mzee akageuka. Aliondoka, na wazee wenzake wakamfuata. Vijana wakaona haya kulima shamba ambalo baba zao wamelisusa, nao wakaenda. Hakuna aliyeonja.

Tukalima wawili, mimi na mama, mpaka nyasi zikakauka na ardhi ikagoma. Hatukufika hata robo ya shamba.

"Ningeweka kimoja wangepigana," aliniambia tukipumzika. "Lakini wangepigana wakiwa wameshalima."

Tangazo la kijiji kuingizwa mjini lilisomwa kabla ya mvua mpya. Hakuna aliyerusha jiwe.

Nilipopita tena msimu wa mavuno, ulezi ulikuwa umesimama kwenye kipande chetu tu. Kwingine kote yalikuwa majani, na vigingi vilikuwa vimeanzia huko, maana wapimaji walisema hapalimwi. Mama alikuwa na kisu kidogo mkononi, anakata masuke, akianzia upande wa vigingi.