Masini Niliyoifungia kwa Kufuli Mbili

Kabla ya kazi hii niliuza simu zilizotumika kwenye soko la Manika. Huko nilijifunza mambo mawili: kuhesabu kila kitu mara mbili, na kutomwambia mtu kile ninachokitafuta hasa. Yalinilisha miaka mingi. Halafu tajiri mmoja wa malori, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, aliona ninavyofufua simu zilizokufa, akanichukua kwenye ofisi yake ya Dilala nitunze seva. Sikujua seva ni nini. Nilimjibu kwamba ndiyo kazi yangu hasa.

Ilikuwa sanduku jeusi la kompyuta, nasi tuliiita masini, yaani mashine. Karatasi zote za safari zilitoka humo. Ikizimika, hakuna lori linaloondoka, maana dereva bila karatasi anarudishwa kwenye kizuizi cha kwanza. Mzee alinipa miezi mitatu ya majaribio.

Mwezi wa pili, mchana mmoja, masini ilizimika. Umeme ulikuwa umekatika kidogo, lakini sababu nyepesi namna hiyo ilinitia wasiwasi. Katika chumba cha masini karani wetu, mama wa maneno machache, alikuwa akija kuchukua karatasi za kuchapisha. Aliingia, akatoka, masini ikafa. Nikatafuta kabati la chuma, nikaisukumia masini ndani, nikatia kufuli mbili. Matundu ya nyuma, ambamo mtu angeweza kupitisha waya au kidole, niliyaziba kwa kartoni.

Tangu hapo ilikufa karibu kila siku. Nikajisemea, huyu mama ana nguvu. Nikaanza kuandika kwenye kadaftari kila alipoingia, saa na dakika. Mara kumi na moja masini ilizimika, na mara kumi na moja alikuwa ametoka humo muda mfupi kabla. Nilihesabu tena. Kumi na moja. Nikampelekea mzee.

Alinisikiliza huku akivuta tasbihi. "Nakupatia mupaka Ijumaa," akasema. "Kama masini inakufa tena kabla ya Ijumaa, mumoja wenu atarudia kwake. Siyui bado ni nani."

Ilikuwa Jumatatu.

Niliingia kwenye kundi la mafundi la WhatsApp, nikaandika kisokosoko, bila kuonyesha kitu: "Masini inakufa. Nani anajua?"

"Pole. Kilio iko wapi?" akajibu wa kwanza.

"Muzike mbio, jua ni kali," akafuata wa pili.

"Iliacha batoto ngapi?"

Mtu mmoja tu aliniandikia pembeni, mama wa Likasi anayetunza masini za shule, akaniita tata, yaani baba. "Tata, inakufa namna gani? Inazimika yenyewe ao inakwama? Ni saa ngapi? Ulibadirisha nini kabla ianze?"

Maswali manne, bure. Watu wa bure nawajua. Mkono wao mwingine tayari uko mfukoni mwako. Nilimjibu kwamba sikubadilisha chochote. Nikamtumia picha ya skrini, jina la ofisi nimelifunika kwa kidole gumba, na kwa usalama zaidi nikafunika na kilichobaki.

"Tata, hii ni picha ya kidole."

"Mama, na weye unapata nini mule?"

"Napata kichwa kuniuma. Tunapatana bei hapa, ao unaniomba musaada?"

Nikampigia picha kurasa za kadaftari, nikiwa na hakika atashangaa. Alishangaa kweli. "Uliandika mutu kila mara. Masini yenyewe haukuiuliza hata mara moja." Akanielekeza kwenye faili ambamo masini huandika yenyewe kinachoisumbua. "Kopia mistari kumi ya mwisho. Usiondoshe hata moja, hata kama inakupatisha haya."

Nilinakili kumi. Nikahesabu, kumi. Karibu yote ililalamikia jambo moja: joto.

"Tata, hii masini inakaa wapi?"

Swali hilo nililiacha nusu siku. Nani anamwambia mgeni mahali alipofungia mali ya mwajiri wake? Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaona swali linakoelekea. Jumatano mchana masini ilizimika tena, mzee akiwa njiani kutoka Lubumbashi, madereva wakipiga honi uani. Hapo nikamwandikia yote: kabati, kufuli, kartoni.

Mama wa Likasi akajibu: "Muliichoma muzima. Fungula."

Nilipofungua, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya tanuri la mikate. Kartoni ilikuwa imejikunja. Kila karani alipochukua karatasi, kazi ya kuchapisha ilianza, masini ikahema, na mimi nilikuwa nimeiziba pua. Kile kifo cha kwanza kilikuwa cha umeme tu, kama umeme wenyewe ulivyosema.

Nikaiweka juu ya meza, wazi. Alhamisi ikapita. Ijumaa mzee alirudi kutoka msikitini, akaitazama inavyonguruma. Ningeweza kunyamaza; kifo cha Jumatano mzee hakukiona. Kazi nilikuwa nayo, na shaka ingebaki ilipokuwa, juu ya mama wa watu. Karani alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani alikuwa anaiua?" mzee akauliza.

"Ni mi, mzee." Nikaeleza, kufuli kwa kufuli.

Karani alifungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Na mi nilikuwa nakuandika," akaniambia. "Kila mara inakufa, weye ndo mwenye funguo."

Mzee akaweka maandishi yetu sambamba. Mimi, kumi na moja na ile ya Jumatano, kumi na mbili. Yeye, kumi na tatu.

Nikaomba niihesabu ya kwake. Nikaihesabu tena. Kumi na tatu.

"Siku moja ulikuwa umeenda kula, funguo ukaziacha juu ya meza," karani akasema. "Mi ndo niliiwasha."

Mzee aliniongezea mwezi mmoja wa majaribio, akaninyang'anya funguo zote mbili. Siku hizi kabati lina karatasi za kuchapisha, na funguo anazishika karani. Nikihitaji karatasi ninamwomba, naye huniuliza ni ngapi, na za nini.